Barua ya wazi kwa msimamizi wa kumbi: tunaomba ufunguo siku ya Ijumaa

Ndugu Msimamizi,

YAH: MATUMIZI YA UKUMBI SIKU YA SABATO

Pokea salamu zetu. Sisi ni lile kusanyiko dogo ambalo maombi yake yamerudishwa mara tatu, mara ya mwisho yakiwa na alama ya kuuliza ya wino mwekundu kwenye nafasi ya "dini". Sikulaumu. Hata ndugu zetu wa damu hutuuliza: mnamwamini Yesu, mbona mnashika mambo ya Wayahudi? Sisi si Wayahudi, wala si Waadventista. Ni waumini wa Yeshua, yaani Yesu kwa Kiebrania, tunaoshika Sabato na sikukuu za Mambo ya Walawi sura ya 23. Kwenye fomu andika "Wakristo", inatosha.

Kwa sasa tunakutana sebuleni kwa mzee wetu. Ijumaa kabla jua halijazama, kila familia huwasha mishumaa kwake. Jumamosi asubuhi makochi hutolewa nje, viatu vikajazana mlangoni, na anayechelewa hukaa kwenye ngazi. Tunaanza kwa kukiri "Sikia, Israeli", kisha tunasoma fungu la wiki. Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, imegawanywa mafungu 54, yanayomalizika kwa mwaka mmoja, na masinagogi nayo hufuata mzunguko huohuo. Baada ya Torati huja Manabii, halafu Injili. Juzi msomaji alikuwa kijana wa miaka 12. Kidole kilikuwa kinamtetemeka juu ya mstari, akaruka jina moja gumu, akarudi kulisoma upya bila kuambiwa. Mama yake hakumwona. Alimsikilizia jikoni, maana sebule ilikuwa imejaa.

Kuhusu pembe ya kondoo, inayopulizwa kama baragumu: ndiyo, tunaipiga. Jirani mwenye mtoto mchanga amevumilia kuliko tunavyostahili, na hiyo peke yake ni sababu ya kutafuta ukumbi.

Sasa nije kwenye ufunguo, maana ndio ulioniandikisha barua hii. Utaratibu wenu unasema mtumiaji alipe dirishani asubuhi ya siku ya matumizi, ndipo akabidhiwe ufunguo. Kwetu Sabato inaanza Ijumaa jua linapozama, na ndani yake hatushiki fedha wala hatufanyi biashara. Kwa hiyo ukumbi uko wazi, malipo tunayo, lakini kuingia hatuwezi. Najua sheria hiyo haikutungwa ili kutunyima. Aliyeiandika nadhani alikuwa akiwaza harusi. Tunachoomba ni kulipa Alhamisi, kuchukua ufunguo Ijumaa mchana na kuurudisha Jumapili asubuhi. Tukichelewa, tutozeni faini.

Jambo la pili ni tarehe. Afisa mmoja alituambia sikukuu zetu "zinahamahama", akataka tarehe moja ya kudumu kila mwaka. Hazihami ovyo. Miezi ya kalenda ya Kiebrania hufuata mwezi mwandamo, na miezi 12 ya namna hiyo ina siku zipatazo 354. Ili Pasaka isitoke kwenye majira yake, mwezi wa 13 huongezwa mara 7 katika kila miaka 19. Ndiyo maana Sikukuu ya Baragumu ilianza jioni ya tarehe 2 Oktoba mwaka 2024, mwaka 2025 ikawa 22 Septemba, na mwaka 2026 ni 11 Septemba. Hesabu hizi zinajulikana miaka mingi mbele. Tunaweza kukupa orodha ya mwaka mzima leo hii.

Tumejaribu kwa watu binafsi pia. Mmoja alituambia tuhamie Jumapili, "kwani Mungu si yuleyule?" Mwingine alipokea malipo ya mwezi, nasi Jumamosi ya pili tukakuta maturubai na spika za sherehe. Tulisimama nje na vitabu mkononi, watoto wakacheza ngoma ya watu. (Kusema kweli, ilikuwa ngoma nzuri.)

Hatuombi ukumbi wa bure. Viti tutapanga wenyewe, tutafagia, na pembe tutaipiga siku za sikukuu tu, mchana.

Alhamisi nitafika ofisini na orodha ya tarehe pamoja na malipo ya miezi mitatu. Nitakuwa kwenye lile benchi la karibu na dirisha, mpaka mfunge.

Wako,
Katibu wa kusanyiko