Boti ya mchana ya Kibirizi hairudi jioni

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile makala yenu ya abiria wa meli anayeshuka Kigoma asubuhi, anapanda boti ya wananchi kwenda kuwaona sokwe katika Hifadhi ya Gombe, kisha anawahi meli yake jioni, siwezi kuinyamazia. Safari hiyo haipo. Mwandishi angemuuliza hata muuza karanga pale Kibirizi, ufukweni zinakopakia boti hizo, angeambiwa.

Boti za abiria huondoka Kibirizi kati ya saa 6 na saa 8 mchana, Jumatatu hadi Jumamosi. Mpaka wa hifadhi uko kilomita 16 hivi kaskazini ya mji, lakini boti inashusha watu na magunia kijiji baada ya kijiji, kwa hiyo ni mwendo wa saa 3 hadi 4. Unafika Kasekela, kituo cha kushukia hifadhini, jioni, wakati sokwe wanatafuta mti wa kujengea viota. Boti yenyewe inalala huko mbele na kupita tena Gombe ikirudi mjini kesho yake asubuhi na mapema. Aliyepanda boti hiyo amekubali kulala.

Jumamosi iliyopita familia ya watu watano kutoka Tabora ilikuwa imeshaketi ndani ya boti, baba ameshika ukurasa wenu aliokunja mara nne, ndipo nahodha alipowaambia kwamba hakuna kurudi siku ileile. Kati yao walikuwamo watoto wawili wadogo. Makala yenu haikusema kwamba aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuingia msituni kufuata sokwe! Wakateremka kwa haraka na kwa hasira, wote kwa ubavu mmoja. Boti ya mbao hushukiwa mbele, puani, mmoja mmoja, mashine ikiwa imenyanyuliwa. Uzito ukienda upande mmoja boti inainama, wimbi linaisukuma ikae ubavu kwa ufuko, na wimbi la pili linaingia ndani. Ndivyo ilivyokuwa. Mama alitembea majini hadi kiunoni, begi la nguo za watoto kichwani, na gunia la unga la abiria mwingine likalowa lote. Nani atamlipa mwenye unga? Watu hawa walijinyima kwa ajili ya nauli ya treni, wakaliamini gazeti.

Anayetaka kwenda na kurudi siku moja akodi boti ya mwendo kasi na aondoke saa 12 asubuhi. Malipo ya hifadhi akamilishe akiwa mjini, kwa namba ya malipo, kwa kuwa getini hawapokei fedha taslimu. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi unavuma kwa nguvu, na Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 kutoka kusini hadi kaskazini, kwa hiyo wimbi linakuja limeshakua. Kwenda Gombe linakusukuma. Kurudi unalipanda uso kwa uso, na hapo ndipo hesabu za waandishi zinapoharibika. Kama kwenda kumekula lita 20 za petroli, kurudi tenga 30, iliyochanganywa oili lita 1 kwa 50 kama mashine ni ya mipigo miwili, na plagi ya akiba mfukoni. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa, lisikaliwe kama mto.

Mwenye mafua abaki mjini, kwa kuwa sokwe huambukizwa maradhi ya watu. Mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakapooza mikono na miguu. Ndiyo maana kuna barakoa, umbali wa mita 10, vikundi visivyozidi watu 6, na saa moja tu ya kukaa nao.

Tena acheni kumwita sokwe nyani. Makala ile imefanya hivyo mara tatu. Nyani ana mkia, sokwe hana, na Gombe wote wawili wapo. Nyani ndiye anayeshuka ufukweni kukupokonya mkate, na mgeni asiyewatofautisha ataufungua mbele yake. Livingstone, yule mpelelezi Mwingereza, naye hakufia Ujiji kama mlivyoandika. Alikutana hapo na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871, akafa mwaka 1873 katika nchi inayoitwa Zambia leo.

Naomba makala hiyo ichapishwe upya ikiwa na saa za boti, miezi ya upepo na umri wa watoto. Pia lisimamishwe bango pale Kibirizi, upande wa njia wanakoshukia abiria wa bodaboda, herufi zenye urefu wa shibiri: BOTI YA MCHANA HAIRUDI LEO. Mbao mbili za mninga na misumari nitatoa mimi. Rangi tafuteni ninyi.

Msomaji wenu,
Kibirizi, Kigoma