Mama wakwe wa Amu, na watoto wenu wa kiume je?

Assalaam aleikum, mama wakwe wa Amu, mji wetu wa Lamu, kuanzia Mkomani mpaka Langoni, na nyinyi wa Shela msijifanye hamumo.

Nawaandikia nikiwa na hasira, bora niseme mapema. Wengi wenu mwanijua. Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi, na baadhi ya hao watoto wa kiume mnaowasifia leo ni mimi niliyewakata vitovu. Kwa hiyo nikisema neno msinune.

Juzi harusini, mama mmoja alimshika mkaza mwana wake tumboni mbele ya wanawake, akauliza kwa sauti, "Humu mna nini, mbona kimya?" Watu wakacheka. Binti naye akacheka, kisha akatoka uani asirudi. Ndoa yao haijatimiza mwaka.

Baadaye shangazi yake akamleta kwangu, ana bahasha ya majibu na mfuko wa vidonge. Alikuwa amepelekwa Mombasa: mashua mpaka Mokowe, kisha basi. Alipofika akatolewa damu siku hiyo hiyo ili awahi kurudi. Akaambiwa projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, iko chini, mayai hayatoki, akauziwa klomifeni, vidonge vya kutoa mayai. Nilimwuliza, hedhi yako huja kila baada ya siku ngapi? Akajibu bila kufikiri: 35, haibadiliki. Na damu ulitolewa siku ya ngapi? Akahesabu kwa vidole: ya 21.

Nilitaka kulia, wallahi.

Sikilizeni nieleze, na msiseme ni mambo ya madaktari. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari. Mwanzo wa mzunguko hutoa homoni iitwayo FSH, na vifuko vya mayai kwenye ovari vikaanza kukua. Kifuko kinachowashinda wenzake hutoa estrojeni, nayo huujenga ukuta wa mji wa mimba. Estrojeni ikishapanda na kukaa juu, tezi humwaga homoni nyingine, LH, na baada ya kama saa 36 yai linatoka. Kile kifuko kilichobaki kitupu ndicho kinachotengeneza projesteroni ya kuutunza ukuta ule kwa takriban siku 14. Mimba isipoingia, kifuko hunyauka, projesteroni huanguka, hedhi huja.

Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya mzunguko haibadiliki sana. Inayorefuka na kufupika ni ya mwanzo. Mwenye siku 28 yai lake hutoka karibu siku ya 14, na projesteroni hufika juu siku ya 21. Mwenye siku 35 yai hutoka karibu siku ya 21. Sasa niambieni, siku ile aliyotolewa damu, projesteroni ingepanda kutoka wapi? Yai lenyewe ndiyo kwanza lilikuwa latoka! Alipaswa kupimwa siku ya 28, juma moja kabla ya hedhi anayoitarajia. Hakuna "siku ya 21" ya kila avaaye buibui.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hesabu hii sisi tunayo. Mwanamke wa hapa huzijua siku zake kwa ajili ya swala, kwa ajili ya deni la Ramadhani, na Mungu apishe mbali, kwa ajili ya eda. Somo, yule mama wa kumfunda mwari, humfundisha kuzihesabu kabla hajaolewa. Daktari mwema angelipa pesa kupata daftari kama hilo. Lakini binti aliingia na kutoka asiulizwe, na nyinyi mliompeleka hamkusema, mkaona haya kutaja hedhi mbele ya mtu aliyesomea hedhi.

Sasa nije kwenye lililonikaa kooni. Mume wa binti huyu anafanya kazi Mombasa. Huja mwisho wa mwezi, akalala usiku mbili au tatu, mmoja wapo yuko barazani mpaka usiku wa manane, kisha huyo anarudi. Yai likitoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu ya mwanamume yaweza kungoja ndani mpaka siku 5. Jumlisha: ni kama siku sita katika mzunguko mzima, zile tano na siku ya yai lenyewe. Zikipita zimepita, kama mlango wa bahari wa Mkanda maji yakishakupwa: chombo hakipiti, nahodha hata awe hodari vipi. Mwezi huu mume amekuja mke yuko hedhini, mwezi ujao amekuja yai limeshatoka, na mama mkwe yuko sebuleni anahesabu: "Mwezi wa nane huu!" Mwezi wa nane wa nini? Ndoa ya simu haipati mtoto.

Madaktari hungoja miezi 12 kabla ya kusema kuna tatizo, miezi 6 ikiwa mke ametimiza miaka 35, na hiyo ni kwa watu wanaolala pamoja kila baada ya siku mbili tatu. Kwa utaratibu huo, katika kila wanandoa 100, zaidi ya 80 hupata mimba ndani ya mwaka. Mwaka huo mpeni mkaza mwana. Na mpeni mume pia, maana nauli ya basi ni rahisi kuliko dawa mnazonunua.

Halafu huyo mwanao. Nikimwuliza mama mmoja kama mwanawe amepimwa, alinitazama kama nimemtukana ukoo. "Mwanangu ni dume!" Bibi wee, nguvu za kitandani ni jambo moja, mbegu ni jambo jingine. Karibu nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mume una sababu yake, peke yake au pamoja na ya mke. Kijana aliyeugua matubwitubwi baada ya kubaleghe yaweza kuwa yalimfika kwenye korodani. Yuko mwenye mishipa iliyovimba huko chini. Yuko anayejichoma testosteroni, homoni ya kiume, apate kifua kipana, na mwili ukiona homoni ya nje imejaa huacha kutengeneza mbegu zake. Kipimo chake hakina sindano: manii kwenye kikopo, baada ya kujizuia siku 2 hadi 7. Kikiwa kibaya hurudiwa baadaye, maana mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa. Ndiyo kazi yote! Nimeona mwanamume akaoa wa pili, naye kimya, akaoa wa tatu, naye kimya, na mtaa mzima bado wasema wanawake wa siku hizi wana chango.

Mengine nayataja mbiombio. Tezi ya shingo ikilegea, hedhi na mayai huvurugika. Kipimo cha damu huonyesha. Prolaktini, homoni ya maziwa, ikiwa juu kwa asiyenyonyesha huzuia yai, na dawa fulani za kutapika na za akili huipandisha. Aliyetumia sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu huenda akachelewa kwa miezi kadhaa, hata karibu mwaka, na hakuharibiwa kizazi. Mirija ikiziba kwa ugonjwa wa zinaa, hata homoni ziwe nzuri vipi, yai halipiti, na mara nyingi ugonjwa wenyewe aliuleta mume.

Anayepata hedhi mara nne au tano kwa mwaka, ana ndevu kidevuni na chunusi zisizoisha, huyo apelekwe, msingoje mwaka. Huenda ana ule ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, nao ni wa kawaida sana. Akiwa mnene, kupungua hata sehemu ndogo ya uzito kwaweza kurudisha mayai, na dawa zipo. Klomifeni ni mojawapo, lakini ni ya kupewa na anayekufuatilia. Yaweza kufanya mayai zaidi ya moja yatoke, na mume akiwa hana mbegu au mirija ikiwa imeziba, ni kumtesa mtu bure.

Na nyinyi mnaouza vidonge hivi kama peremende, na nyinyi wa simuni mnaotangaza dawa za "kusafisha kizazi" na "kubalansi homoni" kwa chupa moja, hapa nimewaona. Chupa moja haiwezi kupandisha kilichopungua na kushusha kilichozidi. Mwauza kiu ya watu.

Wakaza wana, nanyi nawasikia. Msilie uani. Andikeni tarehe ya kwanza ya kila hedhi, na chini yake tarehe alizokuwapo mume. Mwaka ukitimia nendeni wawili, na karatasi hiyo mkononi, naye apimwe siku hiyo hiyo.

Akigoma, mwambieni aje kwangu Langoni baada ya alasiri. Mama yake asije naye.