Waje wachukue na damu yetu

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzetu aliandika humu wiki iliyopita kwamba utafiti wa jeni (maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) na protini ni anasa ya Wazungu, sisi tupate kwanza glovu na panadoli. Kwa glovu namuunga mkono. Kwa hiyo anasa, aje hapa Mwaloni, Kirumba, nimwoneshe mkono wa baba yangu.

Baba kashona nyavu za dagaa miaka arobaini. Tundu la milimita 8, wewe ukilikazia macho robo saa unapata kizunguzungu. Yeye alikuwa anashona huku anabishana habari za timu ya Pamba. Kisha kidole gumba cha kulia kikaanza kucheza chenyewe, kinasuguana na cha shahada kama anafinyanga tonge, na mkononi hamna ugali.

Zahanati walimpima malaria mara tatu, wakampa na vidonge vya presha. Mmoja akasema ni uzee. Mtu wa miaka 58! Wajomba nao wakasema karogwa, tukavuka ziwa kwa feri ya Kamanga na mbuzi mweusi kwenda kwa mganga. Mbuzi hakurudi, mtetemeko tukarudi nao.

Daktari aliyeujua ugonjwa hakumtoa hata tone la damu. Alimwambia atembee koridoni, akaona mkono wa kulia umeganda ubavuni. Akamwandikisha jina lake mara tano. Herufi zikawa zinapungua, la tano lote likawa kama dagaa mchanga. Akasema ni Parkinson. Jina hilo ni la tabibu wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817.

Nilivyoelewa mimi, ubongoni kuna seli zinazotengeneza dopamini, inayofanya mwili uende unavyotaka. Seli hizo zinakufa, na ndani yake hukutwa protini iitwayo alfa-sinukleini imejikunja vibaya na kurundikana. Baba alipoelezwa alicheka: "Kumbe ni uzi umejisokota." Hitilafu katika jeni ya protini hiyo ilipatikana mwaka 1997, kwa familia moja kubwa ya kusini mwa Italia.

Italia ni mbali, sawa. Lakini mwaka 2023 wanasayansi walitangaza hitilafu nyingine, kwenye jeni iitwayo GBA1, inayotoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya cha kufagia taka ndani ya seli. Hii kwa Wazungu karibu haipo. Iko kwa watu wenye asili ya Afrika: ukirithi nakala moja, hatari ya kuugua hupanda kama mara moja na nusu, ukirithi mbili, mara tatu na nusu hivi. (Kuirithi si kuugua, wengi wanayo na hawatetemeki.) Isingeonekana kama Wanigeria wasingekubali kutoa damu. Sasa hapo anasa ya Wazungu iko wapi?

Na si kwamba hapa nchini wagonjwa hawapo. Watafiti waliwahi kuwatafuta wilayani Hai, Kilimanjaro, penye watu zaidi ya 160,000. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Hesabu kama hiyo naitaka Ukerewe, Magu na Misungwi, huku ambako mzee akitetemeka anatafutiwa mchawi wake, na mara nyingi mchawi mwenyewe ni bibi fulani mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni.

Ila wakija kuchukua damu, majibu wayarudishe, tena kwa Kiswahili, na wasisahau vidonge. Levodopa, dawa ya baba ya ugonjwa huu, naagiza Dar es Salaam, inakuja na basi. Akimeza asubuhi, baada ya muda anafunga vifungo vya shati mwenyewe, na anakasirika ukimsaidia. Basi likichelewa namfunga mimi.

Nimemuuliza kama atakubali kuchomwa sindano. Kasema waje, ila watumie mkono wa kushoto, huo bado unatulia.

Muuza dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza