Mkono wa nani? Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Bodi ya Ligi Kuu

YAH: WATOTO WAOKOTA MIPIRA

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Nakusalimu kutoka Uyole, Mbeya, ambako asubuhi hii ukungu umeshuka mpaka kwenye magoli yetu ya miti. Mimi nafundisha mpira watoto wa miaka 12 hadi 15. Sina leseni ya kutisha. Nina filimbi, koni kumi na moja (ya kumi na mbili ilikanyagwa na bajaji) na bega la kulia lililogoma baada ya miaka mingi ya kudaka daraja la nne.

Msimu fulani tuliombwa watoto wanane wakaokote mipira kwenye mechi ya ligi, katika uwanja mmoja wa huku Nyanda za Juu Kusini. Uwanja siutaji na timu siitaji, maana siandiki ili mtu apigwe faini. Watoto walifurahi mno, wengine hata usingizi haukuja. Jioni waliporudi, mmoja wao, kiungo wangu mdogo kuliko wote, akawa anawagawia wenzake chipsi mayai kama mtu aliyetoka kuuza mpunga Usangu. Nikamuuliza hela katoa wapi.

"Kocha, anko mmoja wa timu kanipa buku tano. Kasema tukishapata goli, mpira ukija upande wangu nifunge kwanza kamba za viatu."

Akatuonyesha. Aliinama, akaifungua kamba iliyokuwa imefungwa vizuri tu, akaifunga upya taratibu, ulimi nje. Wenzake hoi kwa kicheko. Na mimi nikacheka, Ndugu Mtendaji, sikufichi. Nani aliyecheza mpira wa mtaani asiyeujua mchezo huo?

Kicheko kilikatika tulipobaki wawili. Ndipo akanieleza alichowaficha wenzake: beki mmoja wa wageni alimfuata pale pembeni, akamkunja shati shingoni na kumtukania mama. Anko wa buku tano wakati huo alikuwa amekaa kwenye benchi, kimya, anatazama saa.

Tangu siku ile najiuliza mstari uko wapi. Mpira bila ujanja ni mazoezi ya viungo, hilo sibishani nalo. Nilipokuwa kipa, tukiongoza goli moja mpira wa goli kiki niliuweka kulia, nikautazama, kisha nikauhamishia kushoto kana kwamba nyasi za kulia zina miiba. Krosi nyepesi nilidaka nikailalia mpaka baridi ya Tukuyu inipenye kifuani. Refa akinipa njano nilimpa na mkono. Sijutii. Nilifanya mbele ya macho ya refa, ya mashabiki na ya mshambuliaji aliyekuwa ananisonya, na kadi iliandikwa namba yangu mimi.

Sheria nazo huwa zinamfukuzia mjanja taratibu. Kabla ya 1992 beki alikuwa anamrudishia kipa kwa mguu, kipa anadaka, anampa tena, anarudishiwa tena, mradi dakika zinaisha. Ulikuwa ujanja halali kabisa. Baada ya Kombe la Dunia la Italia 1990, lililowachosha watu kwa mchezo wa namna hiyo, ukapigwa marufuku. Juzi juzi tu, Julai 2025, IFAB, chombo kinachotunga sheria za mpira, wamemgeukia tena kipa: akishika mpira zaidi ya sekunde 8 ni kona, na refa ananyoosha mkono kuhesabu sekunde tano za mwisho ili kila mtu aone. Zamani zilikuwa 6, na adhabu ilikuwa mpira wa adhabu ndani ya boksi. Ilikuwa kali kiasi kwamba marefa wenyewe waliogopa kuitoa, kwa hiyo haikuwa adhabu, ilikuwa pambo la kitabu. Kona inatolewa. Na mimi kama kipa mstaafu nakuhakikishia, kona ya dakika ya 88 inatisha kuliko njano.

Kwa hiyo muda wenyewe haunisumbui sana. Kinachonisumbua ni mkono. Mkono wa nani umetumika, na nani amelipa?

Tarehe 2 Julai 2010 nilikuwa kwenye kibanda umiza Mwanjelwa, tumebanana kama magunia ya viazi, Ghana na Uruguay robo fainali, 1-1, dakika za nyongeza zinakatika. Suárez wa Uruguay akautoa mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli. Kadi nyekundu, penalti, Gyan akagonga mwamba. Ghana wakaja kutolewa kwa matuta. Watu walilia mle ndani kana kwamba Accra iko nyuma ya mlima Loleza. Mpaka leo ukimtaja Suárez kwenye kijiwe cha Kabwe utakunywa kahawa yako peke yako.

Mimi nimeshatukanwa kwa hili na nitalirudia: Suárez hakutuibia. Alivunja sheria wazi, kwa mikono yake mwenyewe, refa alimwona, akatoka nje, na Ghana walipewa kila kitu ambacho sheria inatoa. Tulichokosa ni sentimita chache chini ya mwamba. Inauma, bado inaniuma, lakini siiti wizi.

Maradona, Mexico 1986, ni habari nyingine. Aliifunga Uingereza kwa mkono wake, refa hakuuona, naye badala ya kusema akamsingizia Mungu. Dunia ikacheka na bado inacheka. Nadhani ni kwa sababu goli lake la pili siku ile lilikuwa zuri mno hata watu wakasamehe la kwanza. Henry wa Ufaransa alipoushika mpira dhidi ya Ireland mwaka 2009 na mwenzake Gallas akafunga, hakukuwa na goli zuri la kufunika, basi hakuna aliyecheka.

Halafu kuna kipa mwenzangu, Roberto Rojas wa Chile. Septemba 1989, Maracanã, timu yake imefungwa 1-0 na Brazil. Fashifashi ikatupwa kutoka jukwaani, ikaangukia karibu naye. Rojas akaanguka, damu usoni, wenzake wakambeba wakatoka uwanjani wakagoma kurudi. Kumbe alijikata mwenyewe kwa wembe aliouficha kwenye glovu. FIFA ilimfungia maisha, ikaja kumsamehe mwaka 2001, na Chile ikazuiwa kuwania Kombe la Dunia la 1994. Angalia alichotaka: alitaka mkono wa FIFA uiadhibu Brazil kwa jeraha ambalo Brazil haikulitia. Anayejirusha kwenye boksi anafanya hilo hilo kwa kipimo kidogo. Beki hajamgusa, lakini yeye anaanguka, na refa, mtu mzima mwenye watoto nyumbani, anageuzwa panga la kumkata asiye na kosa. Ndiyo maana mimi mchezaji anayemkwatua mwenzake waziwazi namchukia kidogo kuliko anayejirusha.

Turudi kwa watoto. Januari 2013, nusu fainali ya Kombe la Ligi kule Uingereza, kijana muokota mpira wa Swansea, wa miaka 17, aliulalia mpira ili mchezo uchelewe kuendelea. Kabla ya mechi alikuwa amejitangaza mwenyewe Twitter kwamba anahitajika kupoteza muda. Eden Hazard wa Chelsea akapiga teke kuutoa mpira chini yake, teke likampata, Hazard akala nyekundu na kufungiwa mechi tatu. Tulibishana nani mkosaji, Hazard au kijana. Sikumsikia hata mmoja akiuliza watu wazima wa pale walikuwa wapi.

Na kuna upande wa pili. Mei 2019 Liverpool wanaikimbiza Barcelona, muokota mpira wa miaka 14 akarusha mpira chapu kwenye kona, Alexander-Arnold akapiga kabla Barcelona hawajageuka, Origi akafunga, 4-0. Yule mtoto alikuwa na timu anayoipenda, na alikuwa ameambiwa awahi. Mtu ataniambia ni kitu kile kile, kuchelewesha na kuwahisha, vyote vinambeba mwenyeji. Nimelifikiria sana hilo. Najibu kwamba mtoto wa Liverpool alifanya kazi aliyopewa, kwa kasi. Wangu alilipwa asiifanye. Mmoja aliurudisha mpira mchezoni, na Barcelona kusinzia ni juu yao. Ila nakubali kwamba kama upande mmoja unarushiwa chapu na mwingine unasubirishwa, tumerudi pale pale kwa anko.

Najua mezani kwako kuna makubwa kuliko haya. Dabi ya Simba na Yanga ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku yenyewe baada ya Simba kusema walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, ikaja kuchezwa Juni 25. Nchi nzima ilisimama kubishana juu ya geti. Pia kila msimu nasoma faini za timu zilizopita mlango usio rasmi au kukataa chumba cha kubadilishia nguo, na sote tunajua kamati za ufundi zinaogopa nini huko ndani: uchawi. Sawa, kanuni ni kanuni. Lakini timu inayoruka ukuta kwa hofu ya yai viza haijamnyang'anya mtu pointi. Inapigwa faini. Anayemhonga mtoto buku tano hayumo hata kwenye ripoti ya kamisaa, yule msimamizi wa mechi, kwa sababu aliyeonekana akifunga kamba ni mtoto.

Huku kwetu utaambiwa timu ya mkoani haitoboi bila figisu. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa mwaka 1986. Mbeya City msimu wao wa kwanza, 2013/14, walimaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga. Siapi kwamba walikuwa malaika. Baridi yetu na mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari viliwasaidia, na hiyo ni haki ya mwenyeji, kama Dar wanavyotupikia na joto lao. Ila nimekaa na wazee wa Tukuyu wakisimulia 1986 mpaka chai inapoa, na sijamsikia hata mmoja akisimulia kamba za viatu.

Ninachoomba ni kidogo na hakina gharama ya kukutisha. Waokota mipira wawe chini ya kamisaa wa mchezo siku hiyo, wasiwe chini ya timu mwenyeji. Aongee nao yeye kabla ya mechi, awape posho yeye hata kama ni soda na nauli ya daladala, na mtu wa klabu akionekana kuwapa maelekezo jina lake liingie kwenye ripoti. Mipira iwekwe juu ya koni kuzunguka uwanja, mchezaji achukue mwenyewe, mtoto kazi yake iwe kurudisha mpira kwenye koni tu. Ligi Kuu ya Uingereza wanafanya hivyo, na koni mimi naweza kukuazima zangu kumi na moja. Na kanuni iseme wazi kwamba kosa la muokota mpira ni kosa la timu iliyomtuma, ili siku nyingine beki mwenye hasira ajue pa kupeleka hasira yake. Kama haya yameshaandikwa mahali fulani kwenye kanuni zenu, basi radhi yangu uipokee, ila njoo uone uwanjani yanavyofuatwa.

Mwenyewe nimeshafanya langu. Nilimwambia yule kiungo wangu kwamba wa kulaumiwa si yeye. Akaniuliza kama anatakiwa kurudisha buku tano. Nikamwambia ameshazila, zote, na mimi nilikula chipsi mbili tatu humo.

Jana anko yule amenipigia tena. Anataka vijana wanane, Jumapili, na amesisitiza asikose yule mdogo, "yule mjanja." Nimemwambia nitampa jibu Ijumaa. Nasubiri lako kwanza.

Ndaga fijo (asante sana).

Kocha wa watoto, Uyole, Mbeya