Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Kale, Zanzibar: Beit al-Ajaib na saruji

Mheshimiwa Waziri, assalaam alaykum.

Anayekula urojo Forodhani jioni, uso baharini, mgongoni mwake pana Beit al-Ajaib. Sultani Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883 liwe jumba la sherehe, na ndilo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliibomoa Beit al-Hukm iliyokuwa jirani. Ajaib ikasalimika, na mnara wa saa ukaja kuungwa usoni pake baadaye. Bustani ya Forodhani iliyo mbele yake ilikarabatiwa, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Jumba lenyewe, tarehe 25 Desemba 2020, liliporomoka upande mmoja na kuua watu wawili.

Ombi letu katika kulikarabati: popote penye jiwe, itumike chokaa, si saruji.

Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji, kisha huyatoa. Ukiukandika saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi ya upepo wa bahari huganda nyuma ya plasta, na jiwe husagika kuwa unga huku nje pameng'ara. Ufa ukijitokeza, ukuta umeshaliwa. Ajaib ina maradhi mengine yasiyozisumbua sana nyumba za kawaida za Mji Mkongwe: mihimili ya chuma na mabamba ya zege. Chuma kikishika kutu huvimba, kikalipasua zege lililokifunika. Boriti za mikoko nazo huanza kuoza kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani. Mkaguzi anayegonga katikati ya dari akaondoka ameridhika hajakagua kitu, ncha zifukuliwe.

Chokaa ikishazimwa kwa maji, ilale shimoni miezi mitatu angalau. Changanya fungu moja na mafungu matatu ya mchanga usio wa pwani. Kila tabaka lisizidi sentimita moja na nusu, na lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa ili jua lisilikaushe mapema. Mkandarasi atasema kazi inachelewa. Ni kweli, inachelewa.

Kabla ya yote, paa. Mlizamu mmoja (mfereji wa kutoa maji ya mvua paani) ulioziba hulowesha ukuta masika nzima, na hakuna plasta itakayovumilia hilo. Tunaomba bajeti ya kila mwaka iwe na fungu la kuzibua milizamu kabla ya masika na kabla ya vuli, na cheo cha anayewajibika kwa kazi hiyo kibandikwe mlangoni, watu wajue wa kumuuliza.

Wako,
Mafundi wa chokaa na boriti