Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tulipoingia Kwenye Viraka

Wanachama wenzangu, mama zangu na dada zangu,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Langu ni kazi ya mikono, maana mwaka huu chama kimetoka kwenye foronya na vitambaa vya meza kikaingia kwenye mifarishi ya viraka, yaani matandiko ya tabaka tatu ambayo juu yake ni vipande vya vitambaa vilivyoungwa.

Wapo waliouliza, na walikuwa na haki, mfarishi wa nini kwenye joto hili la Mombasa. Pamba nene tuliiacha. Kati ya viraka na bitana tunatia shuka kuukuu, tunapiga bandi, ule mshono wa muda wa kushikilia, kisha tunashona. Kwa usiku wa Julai inatosha.

Aliyetufungulia njia ni mwalimu mstaafu mmoja ambaye cherehani aliijulia hapa chamani. Mwanzoni pembe za vipande vyake zilikataa kukutana. Sisi tuliozoea kushona madera hatujali mshono ukizidi, dera lina nafasi tele. Viraka havina. Ukizidisha milimita 1 kila upande wa mshono, mstari wa vipande 10, wenye mishono 9, unapungua karibu sentimita 2. Basi akabandika plasta kwenye cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, na kitambaa kikawa kinafuata ukingo wa plasta. Siku hizi nusu ya cherehani zetu zina plasta. Ndiye pia aliyetuzoesha kufua kitenge kabla ya kukikata, hasa chekundu na cha buluu iliyokoza, kisije kikachuja juu ya cheupe.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa kanga. Mama wawili kwenye kamati walishikilia kwamba kanga haikatwi. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Inasimuliwa kwamba karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za jora, vile vitambaa vya mkononi, wakazikata na kuziunga pamoja, na huko ndiko kanga ilikotoka. Tulichokubaliana ni hiki: mji wa katikati na pindo la pembeni vikatwe, jina, yaani maneno yake, libaki zima.

Kisha tulitazama picha za mifarishi ya Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, ambako wanawake Weusi walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 kazi zao zikaonyeshwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York. Mistari yao imepinda, tena inapendeza. Mwalimu alizikodolea macho kuliko sote. Mfarishi wake wa pili hauna mraba ulionyooka hata mmoja, na ni kwa makusudi. Mimi bado napenda pembe zikutane, lakini nikiri kwamba wageni wetu waliusogelea ule wake kwanza.

Mwaka ujao napendekeza tujifunze kushona tabaka zote tatu kwa mkono. Mabaki mnayopewa na mafundi yafuliwe kabla ya kuletwa, na mkasi wa kitambaa usikatie karatasi. Hilo nimelisema hadi nimechoka. Uchaguzi wa kamati utafuata baada ya hesabu.