Nyambizi ya rimoti haisikii amri baharini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo moja kabla vijana hawajapoteza fedha zao. Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa vijana uliwafundisha kutengeneza nyambizi ya kuchezea inayoendeshwa kwa rimoti. Nilifurahi, maana ufundi huu ni nadra kuandikwa kwa Kiswahili (na hapa nyambizi ni chombo cha majini, siyo ile ya vijana wa kijiweni). Furaha ikaniishia nilipofika aya ya mwisho, pale mwandishi wenu anapowaambia wafunge mtambo wa rimoti ya droni, waende ufukweni, waizamishe.

Kuzama itazama. Kuirudisha juu ndiyo kazi.

Mimi ni fundi redio mstaafu, ninaishi Ujiji, lakini miaka mingi ya kazi niliifanyia Tanga, na huko ndiko nilikojifunza somo hili kwa fedha yangu mwenyewe. Mwaka 1998 nilitumia miezi tisa kutengeneza nyambizi kwa bomba la maji taka, lile la inchi nne, nikalikata sentimita 70. Bomba la kiasi hicho likizama huchukua nafasi ya maji lita 6.5 hivi, kwa hiyo chombo kizima, pamoja na betri na mota, lazima kiwe na kilo 6.5 ndipo kitulie ndani ya maji bila kuelea wala kwenda chini. Hayo ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Maji ya bahari ni mazito zaidi, kilo 1,025 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo nikaongeza gramu 160 za chubwi, vile vipande vya risasi ambavyo wavuvi huzamishia mshipi. Za kuzamia na kuibukia zilikuwa sirinji tatu kubwa za mililita 60, zikivutwa na mota ndogo yenye gia: zikinywa maji, nyambizi inazama, zikiyatema, inapanda. Ndani nikaweka kipande cha karatasi ya chooni ili kinishtakie kama kuna tone limeingia.

Nikaenda nayo ufukwe wa Raskazone, pale Tanga, asubuhi moja bahari imelala. Watoto walijaa, na wavuvi wawili wakaacha kushona nyavu kunitazama. Nikabonyeza. Pua ikainama, mgongo ukafuata, mwisho nikaona antena ikiingia majini kama mkia wa panya unaopotelea shimoni. Watoto wakapiga makofi. Nikabonyeza ipande. Nikabonyeza tena. Nikaingia baharini na suruali mpaka kiunoni, rimoti nimeinyanyua juu ya kichwa, nabonyeza tu. Mmoja wa wale wavuvi akaniambia kwa upole, "Fundi, bahari ina wenyewe. Ungeanza na ubani."

Siku mbili baadaye, maji yamekupwa, mzamiaji wa majongoo bahari akaniletea, akadai shilingi 5,000. Nilimlipa bila kubishana. Nilikuwa na hakika kwamba maji yameingia. Nilipofungua kifuniko, ile karatasi ilikuwa kavu kama unga. Sirinji zimejaa maji kama nilivyoziamuru, nyaya zote salama, betri tu ndiyo imekufa. Chombo hakikuwa na kosa lolote. Kilikuwa kimekaa chini kinasubiri amri, na amri haikufika.

Fundi redio mzima, nikaona aibu. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na kitu kinachopitisha umeme humeza mawimbi ya redio. Rimoti yangu ilikuwa ya megahezi 40, yaani wimbi lake hutikisika mara milioni 40 kwa sekunde. Katika maji ya bahari, kila sentimita nne hivi wimbi la masafa hayo hubaki na chini ya nusu ya nguvu yake. Ukifika nusu mita hakuna cha kusikia. Nyambizi za kweli za kivita zina shida hiyo hiyo. Ndiyo maana Wamarekani wana kituo kule Cutler, jimbo la Maine, chenye minara kama msitu, kinachozungumza na nyambizi zao kwa masafa ya chini sana, kilohezi 24, maana masafa yakiwa chini wimbi hupenya maji zaidi. Hata hivyo nyambizi inasikiliza tu, na haiendi mbali na uso wa maji ili isikie. Sasa kijana wa Tandika na rimoti yake ya betri nne ndogo?

Droni ndiyo mbaya zaidi. Rimoti zake nyingi ni za gigahezi 2.4, masafa ya jikoni kwenye maikrowevu, na maji huyanywa hata yakiwa hayana chumvi kabisa. Nimejaribu uani kwangu kwa pipa la chuma lililojaa maji ya mvua: mjukuu wangu akisimama na rimoti hatua kumi, antena ya kipokezi ikizama shubiri moja tu, taa yake inazimika.

Basi vijana wafanye nini? Waende kwenye mitumba ya vitu vya watoto, watafute gari la kuchezea la rimoti, walipindue. Chini huwa pameandikwa 27, 40 au 49 MHz, yaani megahezi. Hilo ndilo. Gari likiwa bovu si neno, kinachotakiwa ni saketi yake na rimoti. Waya wa antena unyooshwe ndani ya bomba, usikunjwekunjwe. Kisha waende ziwani au kwenye bwawa la maji baridi. Hapa Kigoma, juu ya miamba, asubuhi kabla upepo haujaamka, ninaipeleka yangu mita mbili chini na inanitii. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini kiasi yanayopitisha umeme, kwa hiyo watu wa Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, redio yao ingefika chini zaidi kuliko yangu. Ila wao maji yao yana ukungu wa kijani, hawataiona. Mimi naiona mpaka skrubu za mgongoni.

Tena wasianze na sirinji kama nilivyoanza mimi kwa kiburi. Waache chombo kiwe chepesi kidogo, gramu 30 tu zinatosha, kielee mgongo ukiwa unachungulia. Wakifungie mapezi mawili ubavuni yanayoinama. Kikienda mbele mapezi yanakisukuma chini. Mota ikisimama, au redio ikikatika, kinapanda chenyewe. Mimi yangu ya sasa ina sirinji tena, lakini nimeiwekea saketi inayohesabu sekunde tano: isiposikia rimoti kwa muda huo, inatema maji bila kumuuliza mtu. Na bado naifunga mshipi wa kuvulia wa mita 20 wenye kipande cha kandambili juu. Akina mama wanaoanika dagaa hapa mwaloni wanasema mzee ana mbwa wa majini.

Jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa kabisa ni tundu la shafti, pale chuma cha kuzungusha rafadha, yaani pangaboi inayosukuma chombo, kinapotoka nje. Kifuniko kinazibika kwa pete ya mpira na silikoni, lakini kitu kinachozunguka hakizibwi kwa gundi. Dawa yake ni grisi. Chukua kijibomba cha shaba, shafti ipite katikati, ukishindilie grisi nzito hadi itokeze pande zote mbili. Mjukuu wangu aliona ni ushamba, akitaka vipuri vya kuagiza nje. Nikampeleka bandarini nikamwonyesha meli ya Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaja hapa vipande vipande. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiwaachie adui, lakini kabla ya hapo mafundi wao walizipaka mashine grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 wakakuta mashine bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina hili la Liemba. Kijana akatazama kimya, halafu akasema, "Kumbe babu, hii ndiyo nyambizi ya kwanza ya ziwa letu, ila ilichelewa kuibuka." Tangu siku hiyo grisi anapaka yeye.

Kwa hiyo naomba toleo lijalo mtoe masahihisho: maji baridi badala ya bahari, na megahezi 27 au 40 badala ya gigahezi 2.4. Mkiweza, mrekebishe na ule mchoro, maana betri imechorwa juu ya mota. Ikikaa hivyo uzito unakuwa juu, na chombo kitageuka tumbo juu kabla hakijazama. Betri na chubwi hulala sakafuni.

Mwandishi wenu simdharau. Kama safari zake zitamfikisha Kigoma, aje na rimoti yake ya droni tuijaribu kwenye pipa. Maji ya mvua bado yapo.

Fundi Redio Mstaafu,
Ujiji, Kigoma